Hodi Msituni

Siku yangu ya kwanza ya kazi nilipewa kizibao cha rangi ya ndimu kilichonifika magotini, nikaambiwa kuanzia leo mimi ni mkia. Sikutukanwa, msije mkanielewa vibaya. Mkia ni cheo. Watoto wa shule ya msingi wakitoka nje ya geti kwenda safari ya masomo, hutembea wawili wawili wameshikana mikono. Mwalimu wa darasa hutangulia, huyo ndiye kichwa, na nyuma kabisa huwekwa mtu mzima mmoja ambaye hapaswi kuwa mbele ya mtoto hata mmoja. Huyo ndiye mkia. Anayebaki nyuma ya mkia amepotea, na ukimpoteza mtoto wa watu katika London hii, afadhali na wewe upotee naye.

Aliyenipa cheo hicho ni Mratibu wa Safari wa shule moja ya Tooting, mama mrefu mwembamba kutoka Ireland, mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima. Alinitazama juu mpaka chini, akauona ushungi wangu na viatu vyangu vya wazi, akaguna.

"Misi, sikiliza. Mkia hauongei na simu. Mkia hauchumi maua. Mkia huingia mwisho na hutoka mwisho. Kama kuna mtoto nyuma yako, wewe huendi popote. Piga filimbi, tusimame sote."

"Na nikichoka?"

"Utachokea huko huko nyuma," akanijibu, kisha akanipa na ndoo.

Ndoo hiyo ni ya kutapikia. Vijana mnaoanza kazi hii leo mna mifuko maalum ya karatasi yenye unga wa kukausha, mnajiona wataalamu. Sisi tulikuwa na ndoo, gazeti la jana na maombi. Watoto wa London hutapika kwenye basi la kukodi kana kwamba wamelipwa. Mtu wa kwanza kutapika huwaambukiza wengine, kwa hiyo kazi ya mkia ilikuwa kumtambua huyo wa kwanza kabla yeye mwenyewe hajajijua. Anaacha kuongea. Midomo inampauka. Hapo unampelekea ndoo bila kusema neno.

Jina langu ni Mejumaa, Mdigo wa Kwale, na nilikuja huku kumfuata marehemu mume wangu aliyekuwa akipakia mizigo ya abiria kwenye uwanja wa ndege. Nilianza shuleni kwa kusimamia watoto wakati wa chakula cha mchana, baadaye nikafanywa TA, yaani msaidizi wa mwalimu darasani. Darasani nilikuwa wa kawaida tu. Safarini ndiko nilikojulikana. Nilipohamia shule ya Hounslow, Mwalimu Mkuu wa kule alikuwa ameshapata habari. Akaniambia, "Wewe ndiwe yule mama wa Tooting asiyepoteza mtoto." Nikamwambia ndimi.

Lakini kabla sijaendelea na hizo safari, niwaambie jambo moja, maana ndilo lililonifanya niandike. Miaka yote niliyoishi huku nilikuwa nikitamani vitu viwili. Cha kwanza, nikistaafu nirudi Kwale, nikaingie tena kwenye msitu wetu wa kaya kabla sijafa. Cha pili, mjukuu wangu Riziki, mtoto wa binti yangu Saumu, akubali kwamba msitu ule ni wake. Kwetu Wadigo wa zamani, ukoo ulifuata tumbo la mama. Mimi nina binti mmoja, na binti yangu ana Riziki tu. Akikataa yeye, basi ukoo wa tumbo langu umekomea Hounslow, karibu na kituo cha basi.

Kaya ni msitu ambao zamani mababu zetu waliishi ndani yake. Walipotoka kwenda kulima mabondeni waliuacha usimame, na hadi leo una wazee wake na miko yake. Hukati mti humo. Huchukui kitu, hata kijiti cha kuchokolea meno. Unavua viatu, unajifunga kaniki kiunoni, na huingii mpaka ukaribishwe. Nyanya yangu alinipeleka ningali mdogo. Tulifika penye uwazi kati ya miti miwili, njia inapoanza giza, akanishika bega nisimame, akaita, "Hodi!" Tukangoja. Mbu wakatula. Nikataka kusonga, akanifinya sikio. Akaita tena. Ndipo kutoka ndani, mbali, sauti ya mzee mlinzi ikaitika, "Karibu." Nilihisi kama miti ndiyo imesema. Hata sasa, nikiwa nimekaa sebuleni na hita imewashwa, nikifumba macho naisikia ile sauti na machozi yananilenga.

Basi, na huku nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Shule za London zinapenda sana kuwapeleka watoto misituni. Kuna somo zima la nje, watoto wanakwenda kuchimba matope, kujenga vibanda vya vijiti na kuchungulia wadudu chini ya magogo. Sisi wa Hounslow tulikuwa na msitu wetu tuliouzoea pembezoni mwa mji, miti mikubwa ya mialoni, na juu yake ndege zinashuka moja baada ya nyingine kuelekea uwanjani, chini chini, hata unaona magurudumu. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama ndege zile ndizo zinazotaga yale mashimo ya matope. Nikamwambia ale mkate wake.

Watoto wote wakishaingia, nami mkia ndiyo kwanza nataka kuingia, nilikuwa nasimama penye kijigeti cha mbao, nasema kwa sauti ya chini, "Hodi." Nangoja kidogo. Hakuna anayeitika. Kindi wananitazama. Kisha naingia, kwa kuwa kazi ni kazi, lakini wallahi kila mara nilijihisi kama mtu aliyeingia jikoni mwa watu bila kuitwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe nilipewa siku ile ile ya kwanza, wala silalamiki. Karibu ndiyo sikuwahi kupewa.

Riziki alipofika umri wa shule, Saumu akamwandikisha kwetu, maana yeye ana shifti za alfajiri katika duka la uwanja wa ndege na hawezi kumsubiri mtu. Shuleni nilimwonya mtoto aniite Misi kama wenzake. Alijitahidi, ila akianguka alisahau, unasikia uwanja mzima, "Nyanyaaa!" Nyumbani nilimsemesha Kiswahili kutwa. Alielewa kila kitu, hata umbea niliokuwa nikipiga na wenzangu kwenye simu, lakini akinijibu ni Kiingereza kitupu. Nikimwuliza, "Riziki, wewe ni wa wapi?" anasema, "Hounslow." Naja juu. Namwambia, "Hounslow si kwenu. Sema Kwale."

"Mama, mwache mtoto," Saumu alikuwa akiniambia. "Yeye ni wa hapa."

"Hapa wapi? Mkataa kwao mtumwa."

"Hajakataa. Hajapaona."

Tulikuwa tukigombana hivyo mpaka chai inapoa. Nauli ya watu watatu si mchezo, na likizo ya Saumu ilikuwa haikutani na likizo ya shule hata mara moja. Ndivyo miaka ilivyokwenda, mimi nasubiri kustaafu, mtoto anarefuka.

Ukafika muhula wangu wa mwisho. Darasa la Riziki lilikuwa likisoma habari za watu wa kwanza wa Australia, wale waliokuwa na nchi yao kabla ya merikebu za Waingereza kufika. Mwalimu Mkuu wa wakati huo, mama mnene mchangamfu kutoka Wales, akasikia kwamba kuna bibi mmoja wa watu hao yupo London, amekuja kumtembelea bintiye muuguzi. Akamwalika. Mpango ukawa twende naye msituni, awafundishe watoto jinsi watu wake wanavyoishi na pori lao, na afungue siku kwa kuwakaribisha, kama ilivyo desturi ya kwao mikutano ikianza.

Mwalimu Mkuu akanikabidhi matayarisho. Mjue kwamba safari ya nusu siku msituni ina makaratasi kuliko harusi. Ruhusa ya kila mzazi. Ruhusa ya halmashauri. Makubaliano na wenye basi. Karatasi ya hatari, ambayo unaandika kila kitu kinachoweza kumdhuru mtoto na utakavyokizuia: tope, majani ya kuwasha, mbwa wa watu, mtoto mwenzake. Pampu za wenye pumu kwenye mkoba mwekundu, kila moja na jina lake. Nikavifanya vyote, nikijua ndiyo mara yangu ya mwisho.

Mgeni wetu alitukuta mlangoni mwa shule. Mama wa makamo yangu, nywele za mvi zimekatwa fupi, koti kubwa la kuazima, mkononi kabeba chombo cha mti kilichochongwa kama hori dogo. Watoto wakaambiwa wamwite Anti Merle, kwa kuwa kwao mtu mzima aliyeheshimika huitwa anti, si bwana wala bibi. Nikampenda papo hapo. Kwetu nako huwezi kumwita mtu mzima jina tupu ukaachwa na meno yako.

Kwenye basi mtoto mmoja akamwuliza liko wapi lile zumari refu la mti waliloliona vitabuni, na kama atalipuliza. Watoto wote wakapiga makofi wakilitaka.

"Hilo si letu," Anti Merle akasema kwa upole. "Ni la watu wa kaskazini. Sisi ni watu wa mto, kusini kabisa. Nikilipuliza, mama zangu watanicheka kaburini."

Hee! Nilicheka mpaka ndoo ikanitoka. Maana mimi kila Wiki ya Afrika nilikuwa naombwa nivae shuka jekundu niwarukie watoto kama Mmasai. Mdigo mimi, na magoti haya! Mwalimu Mkuu aliyetangulia aliwahi hata kuninunulia rungu. Nikamsimulia Anti Merle hayo, naye akanipiga bega, akasema, "Dada, ulirukaje?" Nikamwambia niliruka mara moja, mwaka uliofuata nikaugua makusudi.

Tukafika. Tukawapanga watoto nje ya kijigeti cha mbao. Tulihesabu vichwa, tukahesabu tena, maana hesabu ya kwanza haiaminiki, watoto hujificha nyuma ya mwenzao wapate kucheka. Riziki alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Rafiki yake wa kushikana naye mkono alikuwa anaumwa siku hiyo, akapewa mimi niwe mwenzake. Nilipoona geti, mdomo wangu ukasema wenyewe, "Hodi."

"Unaongea na nani, Nyanya?" akaniuliza, kwa Kiingereza chake.

"Misi," nikamkumbusha.

"Unaongea na nani, Misi?"

"Na wenye msitu. Kwetu huingii mpaka uitikiwe."

"Na wanaitika?"

"Huku? Bado."

Mbele, Mwalimu Mkuu alikuwa amepanda juu ya kisiki. "Watoto, sasa Anti Merle atatukaribisha katika msitu huu, kama wafanyavyo watu wake."

Anti Merle akatikisa kichwa. "Siwezi."

Nilimwona Mwalimu Mkuu anapepesa macho. Mpango ulikuwa umechapishwa. "Samahani?"

"Huku si kwetu," mama yule akasema. Ndege ikapita juu, akaisubiri ipite. "Kwetu anayekaribisha ni mwenye ile nchi. Nikiwa kwetu, kando ya mto wetu, nitakukaribisha mpaka uchoke. Lakini hapa nitakuwa mwongo. Hapa mimi ni mgeni, nasubiri kukaribishwa kama ninyi. Nani kati yetu ni mwenyeji?"

Jamani, tukaanza kutazamana! Tulikuwa na ruhusa ya halmashauri, ya wazazi na ya wenye basi, na hakuna aliyewaza habari ya mwenyeji.

"Mimi ni wa Wales," Mwalimu Mkuu akasema, akashuka kwenye kisiki.

"Leeds, kaskazini huko," akasema mwalimu wa darasa, kijana wa watu, akiwa mwekundu masikio. Dereva alikuwa ametoka kuvuta sigara, akainua mikono juu akasema yeye asiulizwe, yeye ni wa Poland.

"Basi watoto," Anti Merle akasema. "Nani ni wa hapa?"

Watoto wale wote, isipokuwa wachache, walizaliwa katika hospitali moja, na kutoka pale msituni kwa basi si mbali. Lakini mmoja akasema yeye ni wa Jalandhar. Jalandhar hiyo iko India, hajaiona hata kwa ndoto. Mwingine Mogadishu. Mwingine akasema baba yake amemwambia aseme Lahore. Nikatambua kitu hapo, nikaona baridi. Kila mmoja alikuwa anasema alichofundishwa nyumbani na mtu kama mimi.

Riziki akanigeukia. Nilijua anachotaka kusema na nilijua ninachotaka aseme. Nikaomba Mungu kimoyomoyo, ya Rabi, aseme Kwale. Mbele ya watu wote hawa, mara moja tu, aseme Kwale.

Akainua mkono. "Nyanya yangu ni wa Kwale," akasema. "Mimi ni wa hapa."

Sikumkasirikia. Ningependa kusema nilikasirika, lakini nilihuzunika tu, nikatazama viatu vyangu.

"Vizuri," Anti Merle akasema. "Basi wewe ni mwenyeji wetu. Nyumbani kwenu mgeni akija mnasemaje?"

Riziki akanivuta kizibao. "Nyanya. Sema lile neno lako. Kwa nguvu."

Mwalimu Mkuu ananitazama, darasa zima linanitazama, dereva na sigara yake. Nikakohoa. Kisha nikaita, sauti ya Nyanya yangu ikinitoka kifuani bila kuitafuta, "Hodi!"

Na mtoto asiyenijibu Kiswahili tangu azaliwe akasimama mbele ya geti, akanyoosha shingo, akaitika, "Karibu!"

Wenzake wakachachamaa. Kumbe kila mmoja ana neno lake, kila mmoja anataka kukaribisha, Kipunjabi, Kisomali, Kiurdu, ikawa zogo, na huyo wa Jalandhar akaingia kwenye tope hadi kwenye soksi. Anti Merle alikuwa akipokea kila karibu kwa kuinamisha kichwa. Mimi nikaingia wa mwisho. Miaka yangu yote ya kazi, ndiyo mara ya kwanza naingia msitu wa Ulaya nikiwa nimeitikiwa. Nilifurahi, na furaha ile ile ikaniuma, maana aliyenikaribisha alikuwa amekwisha sema yeye ni wa huku.

Anti Merle alikuja nyuma tukatembea pamoja. Huko mbele watoto walikuwa wakipokezana kile chombo chake, ambacho kwao hubebewa matunda ya porini, na hata mtoto mchanga.

"Na kule kwenu anayekuitikia ni nani?" akaniuliza.

"Mzee mmoja mlinzi. Sijui kama bado yu hai."

"Una hamu napo."

"Hamu ni neno dogo, dada. Naota harufu yake."

"Mimi nina wiki chache tu hapa, na nikiamka masikio yangu yanautafuta mto kwanza," akasema. "Nenda ukaangalie. Wewe bado una pa kwenda." Nikaelewa kwamba mto wao haupo tena kama zamani, wala sikuuliza umefanywa nini.

Nikastaafu muhula ulipokwisha. Waliniandalia keki, na watoto wakanirudishia kizibao changu cha ndimu wamekiandika majina yao kwa kalamu za rangi, hapakubaki pahali patupu. Mwalimu Mkuu akasema maneno mazuri, akalia, watu wa Wales wanalia upesi. Nami nikaaga, nikafunga virago. Niliwaambia wote kwamba narudi kwetu moja kwa moja.

Sasa watu wananiona tena sokoni Hounslow nachagua mihogo, wananiuliza, "Bi Mejumaa, si ulikwenda moja kwa moja?" Wengine wanadhani niliugua, wengine wanadhani nimegombana na ndugu. Vijana mliorithi kazi yangu ndio mtakaoelewa, kwa hiyo nawasimulia ninyi.

Nilifika Kwale, nikapokewa vizuri, nikala samaki wa nazi mpaka nguo zikanikataa. Siku ya kwenda kaya nikaulizia habari za mzee mlinzi. Alikuwa amefariki zamani. Aliyepewa nafasi yake anafanya biashara Ukunda, wakanipa namba yake. Kijana mstaarabu, akaniambia kwenye simu, "Mama, leo sipo huko, lakini wewe ni wa nyumbani. Ingia tu."

Ingia tu! Nikaenda peke yangu. Nikavua viatu, nikajifunga kaniki ya Nyanya yangu aliyoniachia, nikasimama kati ya ile miti miwili. Ilikuwepo. Msitu umepungua kwa upande wa barabara, lakini giza la njia lilikuwa lile lile, na harufu ile ile, ya majani yaliyooza na kitu kitamu ambacho sikuwahi kukijua jina. Nikaita, "Hodi!" Nikangoja. Nikaita tena. Mbu wakanila kama zamani. Hakuna kilichoitika. Nimekaa nje ya kwetu miaka yote hiyo, nimefika mlangoni, na nilishindwa kuinua mguu. Nikalia, sitaki kuwaficha, nililia kwa sauti kama mtoto aliyeachwa na basi.

Simu ikalia mfukoni. Alikuwa Riziki, Jumamosi, mama yake yuko kazini. Akaniona sura kwenye kioo cha simu.

"Nyanya, nani amekuliza?"

"Nimepiga hodi. Hakuna mtu."

Nikamwona anasogea karibu na simu mpaka naona pua tu na jicho moja. "Piga tena," akasema.

"Riziki, mwanangu, hawapo."

"Piga tena, Nyanya."

Nikapiga. Sauti yangu haikuwa sauti tena. Na kutoka mkononi mwangu, kutoka chumbani kwake Hounslow, mtoto wa tumbo la binti yangu, mwenye haki yote ya kuitika pale, akaitika kwa ile sauti ya kunyoosha shingo, "Karibu, Nyanya!"

Nikafuta uso. Nilikuwa nimeitikiwa na mwenyewe. Njia ilikuwa wazi mbele yangu.

"Nionyeshe, basi," akasema, amerudi kwenye Kiingereza chake.

"Simu haziingii humu. Ni mwiko. Nitakuhadithia."

"Kwa hiyo mimi sitaona?"

Mguu mmoja nilikuwa nimekwisha uweka ndani. Ndipo nikageuka nyuma, mazoea tu ya kazi, kama nilivyogeuka kwenye kila geti la London, kuangalia kama kuna mtoto niliyemwacha.

"Riziki," nikamwambia, "kaa hapo hapo ulipo. Nakuja kukuchukua."

Nikautoa mguu wangu, nikavaa viatu.